Mkutubi Aliyetafuta Mama wa Karatasi

Sijui nianze kwa kumsifu au kumtukana, kwa hiyo nitaanza na karanga.

Alikuwa anakula karanga maktabani. Juu ya kichwa chake kabisa kulikuwa na tangazo nililomchapia mimi mwenyewe kwa herufi kubwa, HAIRUHUSIWI KULA NDANI YA MAKTABA, na chini ya tangazo hilo amekaa yeye, droo iko wazi kidogo, mkono unaingia mtupu unatoka na karanga mbili, mdomo unatafuna polepole kama mbuzi anayewaza. Mwanafunzi akifungua hata pipi kwenye kona ya mbali, anasikia: "Wewe! Mende unawaita wa nini?" Siku moja nikamuuliza, mama, na hizo karanga je? Akanitazama juu ya miwani.

"Mende wa hapa tumezoeana," akasema.

Ndivyo alivyokuwa mkutubi wa kile chuo. Sheria zake zilikuwa kali kwa kila aliyepita mlangoni isipokuwa mtu mmoja. Alikataza kuandika kwenye vitabu, halafu ukifungua kitabu chochote unakuta penseli yake pembeni anagombana na mwandishi: "Umejuaje?" "Nani kakwambia?" "Ulikuwepo?" Alikataza simu, na yake ililia kwa sauti ya jogoo. Alisema maktaba si mahali pa kulala, na saa nane mchana, jua likipiga mabati, kidevu chake kilikuwa kifuani. Ila usijidanganye kuchomoka na kitabu kwapani. Atakuita kwa jina huku macho yamefumbwa.

Mimi si msomi. Nina cheti cha kidato cha nne chenye alama nisizopenda kuzitaja, na nina binti ambaye baba yake hana nafasi katika maandishi haya. Nilikuwa mchapaji. Nje ya geti la chuo, hapo mjini Morogoro, kulikuwa na stesheneri yenye kompyuta tatu na mashine ya kopi inayonuka moshi, na mimi nilikaa kwenye kompyuta ya katikati. Wanafunzi walileta ripoti zao za utafiti zimeandikwa kwa mkono, au ziko kwenye flashi zimejaa virusi, mimi nachapa, napanga, naprinti, napiga baindi. Mtoto nimemfunga mgongoni. Nimechapa ripoti za nyuki, za maziwa, za vikundi vya kukopeshana, za mmomonyoko wa udongo milimani. Nikajua kwamba kila ripoti mwishoni ina ukurasa unaoitwa marejeo, yaani orodha ya vitabu na watu ambako mwanafunzi kayapata maneno yake. Ndio ukurasa ambao wanafunzi wote huufanya siku ya mwisho, wakiwa wamesimama nyuma yako wanakupumulia shingoni.

Na ndio ukurasa aliokuwa anaanza kuusoma yeye. Ripoti ikifika maktabani ili iwekwe rafuni, haangalii jalada. Anaigeuza, anaanzia nyuma, kama mtu anayemkagua kuku sokoni. Akikuta kitu hakijakaa sawa, anavuka barabara mwenyewe na kitenge chake anakuja kusimama mbele ya kompyuta yangu.

"Mchapaji. Hiki kitabu kimechapishwa mji gani?"

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mji gani?"

"Mama, mimi nachapa tu."

"Unachapa tu. Na anayetia sumu kwenye ugali, anakoroga tu?"

Dukani watu wanacheka, mimi nimefura. Nilimchukia, sitaficha. Lakini alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wetu sisi Waluguru, kwa hiyo hakuna namna ya kumkasirikia ikakubalika. Ukikasirika umeshindwa. Aliniambia mbele za watu, "Nyie si mnalima huko mlimani mmejifunga kamba kiunoni, msije mkaporomoka mkaangukia chungu cha jirani wa chini?" Nikamjibu, "Afadhali sisi tunaporomoka na majembe yetu. Nyie mlipita hapa na mizigo ya watu vichwani, mkaambiwa pumzikeni, mkadhani mmefika." Alicheka mpaka akashika meza. Kesho yake alirudi na ripoti ileile: mji gani?

Neno lake lilikuwa moja. Ukimpelekea karatasi yoyote, iwe kitabu, gazeti, au kitu ulichokitoa mtandaoni, hakuuliza kwanza inasema nini. Aliuliza, "Mama yake nani?" Alikuwa na maana yake: nani kaandika, kaipata wapi, na huyo aliyempa naye kaipata wapi, na anafaidika nini tukimwamini. Karatasi isiyo na majibu aliiita yatima. "Yatima tunamlisha," alisema, "lakini hatumpi kusimamia mirathi." Wanafunzi walimwigiza huko bwenini. Mtu akileta umbea tu, wenzake wanadakia: mama yake nani?

Sikuelewa wakati ule kwa nini jambo hilo lilimuuma hivyo, na sasa ninapojua kidogo ndipo nimechanganyikiwa zaidi.

Kuhusu watoto nako hakueleweka. Mlangoni kuna tangazo, watoto hawaruhusiwi, nalo nilichapa mimi. Siku moja binti yangu kaamka na homa, bosi hataki kusikia, nimekaa nachapa huku naye analia mgongoni. Mkutubi akaja na mambo yake ya mji gani, akasikiliza kile kilio kidogo, akamfungua mtoto mgongoni kwangu bila kuniomba. Akavuka naye barabara. Nilipomfuata baada ya saa moja nilimkuta binti yangu chini ya meza ya mkutubi, juu ya magazeti ya zamani, kapoa, anachana ukurasa vipandevipande.

"Mama, anachana!"

"Huo ni wa matangazo ya biashara. Mwache achane."

Na palepale akamfukuza mwanafunzi wa kike aliyeingia na mtoto mchanga. Nikabaki nimesimama sijui nishukuru au nimtetee yule dada. Nilichukua mtoto wangu nikaondoka.

Sasa lile jambo la shamba.

Kwetu ni juu milimani, upande wa Kinole, kwenye ndizi na mdalasini. Kwa desturi yetu Waluguru ardhi inafuata tumbo. Ukoo wa upande wa mama, tunauita lukolo, ndio wenye mashamba, na mtoto anapata kwa mama yake. Mjomba, yaani kaka wa mama, ndiye msimamizi. Bibi yangu alikuwa na bonde dogo lenye maji mwaka mzima. Kiangazi kote kukikauka, pale mboga zinasimama. Mama yangu amelima bonde lile tangu hajanizaa, na mimi ndiye binti yake pekee. Nina chumba cha kupanga chenye ukuta unaovuja na kazi ambayo bosi akiamka vibaya sina. Bonde lile ndicho kitu pekee ambacho siku moja ningemwonyesha mwanangu nikasema hapa hufukuzwi.

Mjomba akasema bonde si la lukolo. Akasema alipewa na baba yake, litakwenda kwa watoto wake. Mama akanyamaza, maana mama hajawahi kumpinga kaka yake. Mimi sikunyamaza. Tukaitwa baraza la kata kusuluhishwa, Alhamisi ya wiki inayofuata. Nikawaza: mimi kila siku nachapa maandishi ya watu, leo nikose karatasi moja ya kunisemea mwenyewe?

Nikaenda maktabani. Alikuwa mlangoni.

"Wewe ni mwanafunzi?"

"Mama, unanijua."

"Nimekuuliza."

"Si mwanafunzi."

"Mhadhiri?"

"Mama!"

"Haya, ingia. Mkoba acha hapa. Na hicho kidomo kiache hapohapo."

Akaniketisha kwenye kompyuta ya kutafutia vitabu. Nikaandika: shamba letu la bonde. Haikuleta kitu. Akasimama nyuma yangu anatafuna.

"Kompyuta haimjui bibi yako. Jiulize, mtu mwingine akilizungumzia shamba lenu, mtu asiyewajua nyie, atatumia maneno gani?"

Nikafikiri. Nikaandika umiliki wa ardhi, ukoo wa mama, Uluguru. Vikaja vitu. Akanifundisha kupunguza: mwaka, mahali, aina ya maandishi. Akanifundisha kusoma kwanza muhtasari, halafu nyuma kwenye marejeo, ndipo katikati. Nilishinda pale siku tatu, nikitoroka kazini kwa kisingizio cha kliniki ya mtoto. Sitasema uongo, nilianza kupenda. Ule ukimya, lile dirisha, mlima umekaa palepale na wingu lake. Nikajiona kama mtu ambaye angeweza kuwa mtu mwingine.

Siku ya tatu nikaipata. Ripoti ya mwanafunzi wa zamani kidogo, sura ya pili, bonde letu limetajwa kwa jina! Imeandikwa kwamba ni mali ya ukoo kwa upande wa mama tangu enzi za mababu, na kwenye mabano jina la mwandishi wa kitabu na mwaka. Nilipiga kelele. Watu wote wakageuka. Nikakimbilia mezani kwake.

"Mama, hii hapa! Nipigie muhuri wa maktaba nikatoe kopi."

Akasoma taratibu. Nilijua anachokwenda kusema, na alisema.

"Mama yake nani?"

Tukafungua marejeo. Kitabu kipo kwenye orodha: historia ya koo na mashamba ya milimani, jina la mwandishi, mwaka, mji. Kila kitu kimekaa vizuri. Tukakitafuta kwenye kompyuta, hakipo. Akavuta zile droo za kadi za zamani, hakipo. Akapiga simu kwa mkutubi mwenzake wa maktaba kubwa zaidi hapo mjini, wakasalimiana robo saa, hakipo. Nikasema labda kiko Dar. Akasema labda. Kisha akazunguka kwenye rafu za ripoti na kurudi na nyingine tatu zenye kitabu hichohicho kwenye marejeo. Akazipanga zote nne mezani kwa miaka, ya zamani kushoto.

"Soma," akaniambia. "Sentensi hiyohiyo, kila moja."

Ya kwanza inasema bonde ni la upande wa mama. Ya pili inasema vilevile, maneno yamegeuzwageuzwa. Ya tatu inasema ni la upande wa mzazi. Ya nne, ya karibuni, inasema ni la upande wa baba. Na zote nne, chini yake, kitabu kilekile.

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Maana kugeuzageuza maneno ilikuwa kazi yetu dukani. Mwanafunzi analeta ripoti ya mwenzake wa mwaka jana, anasema dada nibadilishie maneno msimamizi asishtuke, na wewe unabadilisha. Palipo na mama unaweka mzazi. Mwaka unaofuata mwingine anakuja na ile ya mzazi, na wewe, usingizi umekujaa, unaweka baba. Nikageuza majalada. Baindi zote nne ni za dukani kwetu.

Kisha nikakumbuka na kile kitabu.

Ilikuwa mwisho wa muhula. Kijana amekaa pembeni yangu, ripoti inatakiwa saa kumi, msimamizi kamwandikia kwa kalamu nyekundu: toa mfano, taja chanzo. Akaniambia, dada si wewe wa huko juu, nipe mfano. Nikampa bonde letu, kama nilivyosikia kwa bibi. Akasema, na chanzo? Nikamtungia. Jina la mwalimu wangu wa kidato cha pili nikaligeuza nyuma mbele, nikaweka mwaka, nikaweka mji, nikakipa kitabu jina ambalo kama ningekuwa msomi ningependa kukiandika. Nikakihifadhi kwenye faili la marejeo yaliyo tayari, kwa ajili ya watakaokuja wamechelewa. Walikuja wengi.

Kwa hiyo yule msomi niliyempigia kelele kwa furaha, aliyeandika ukweli kuhusu bonde letu, alikuwa mimi, nimekaa pale dukani, mtoto mgongoni.

Nilimwambia mkutubi. Sikuwa na la kuficha, uso wangu ulishasema. Nilidhani atanipayukia mpaka geti lisikie. Alivua miwani. Akazitazama zile ripoti muda mrefu, hasa ile ya pili, kisha akaingia ofisini kwake akafunga mlango. Nikabaki na ripoti nne na karanga zake.

Alipotoka nilimwomba. Nilisema, mama, niliyoyaandika ni kweli. Bibi aliniambia. Nipigie muhuri ile ya kwanza, nani atajua?

"Ukipeleka ya kwanza," akasema, "mwenzako ataleta ya nne."

"Kwa hiyo niende mikono mitupu?"

"Nenda na mama yako. Aseme yeye, alisikia kwa nani, lini, wamesimama wapi. Na wewe useme ulichosikia kwa bibi yako, na useme kabisa kwamba shamba unalitaka. Mtu akitaja faida yake mwenyewe kabla ya kuulizwa, anasikilizwa."

"Hayo ni maneno matupu, mama."

"Na hizi?" Akagonga zile ripoti kwa kidole.

Nilimtukana. Si utani, nilimtukana kweli. Nilimwambia nyie mnaokaa kwenye vivuli mnaona raha kusafisha karatasi, mimi natafuta pa kulala. Nilisema mwanafunzi akidanganya anavaa joho, mimi nikisema kweli naambiwa sina chanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanirudishia mkoba wangu pale mlangoni, akasema niangalie hatua kwenye ngazi, kumepigwa deki.

Mpaka leo natafuta tusi lililojificha kwenye maneno hayo na silioni.

Alhamisi tulikwenda. Mama alisema, kwa sauti ya kunong'ona, macho chini. Mimi nikasema. Kisha mtoto mkubwa wa mjomba, ambaye ana elimu kuliko sisi wote, akatoa kopi kwenye bahasha. Ilikuwa ile ripoti ya nne. Pembeni kuna muhuri wa maktaba, wa bluu, unaonekana wazi. Damu ilinipanda. Nikajua mkutubi kanizunguka, mimi kaninyima muhuri wao kawapa! Nilipoikaribia ndipo nikaona ni ule muhuri unaopigwa kwenye kila kitabu kinachoingia rafuni, umetoka tu kwenye kopi. Lakini mwenyekiti hakujua hilo. Alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima, anasoma jina la kitabu kwa sauti, kitabu changu.

Ningenyamaza ningebaki na kazi yangu.

Nikasimama. Nikasema kitabu hicho hakipo, nilikitunga mimi, na hapo palipoandikwa baba mwanzo paliandikwa mama, na aliyebadilisha ni mimi pia. Watu walicheka. Mjomba alisema, "Mnamsikia? Mwongo kwa kinywa chake!" Mwenyekiti akaniuliza, sasa binti, tukuamini uliposema uongo au unaposema umesema uongo? Karatasi ikawekwa kando, usuluhishi ukashindikana, tukaambiwa mambo yaende baraza la ardhi la wilaya, mjini. Habari zilishuka mlima kabla yangu. Jumatatu bosi alikuwa amekwisha kuweka mtu kwenye kompyuta ya katikati. "Umenichafulia duka," akasema. Na kweli nilikuwa nimemchafulia. Nalo lilikuwa chafu.

Sasa nachapa kwenye kibanda kingine, stendi ya Msamvu, barua za kuomba kazi na kadi za harusi. Marejeo sichapi.

Mkutubi sikumwona tena zaidi ya mwaka. Nilisikia kastaafu. Nilisikia zile ripoti nne hazikuondolewa rafuni, ila ndani ya kila moja kuna kipande cha karatasi kwa mwandiko wake: kitabu namba fulani katika marejeo hakijapatikana. Lakini mtu mwingine akaniambia alikwenda hakukiona kipande chochote. Sijui nani mkweli.

Kisha, kule wilayani, mtoto wa mjomba akaleta karatasi mpya. Safari hii haikuwa ripoti ya mwanafunzi. Ilikuwa makala kwenye jarida la chuo, imechapwa vizuri, kuhusu desturi za ardhi za watu wa milimani, na ndani yake kimetajwa kitabu changu. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kama mtaalamu kakitumia, basi kitabu kipo, na huyu dada alidanganya barazani. Nikaangalia jina la mwandishi wa makala. Nikaangalia tena. Lilikuwa jina la mkutubi.

Sikwenda kwake. Ningekwenda ningefanya jambo la aibu. Nilimtumia ujumbe mmoja kwenye simu: Kitabu ulichokitaja, mama yake nani? Hakujibu. Siku zikapita, nikaifuta namba yake.

Siku ya mashahidi tulifika mapema. Mama akaingia, maana mdai ni yeye. Sisi mashahidi tunakaa nje kwenye benchi mpaka tuitwe. Na kwenye benchi, amevaa kitenge cha kutokea na viatu vya kubana, alikuwa amekaa mkutubi.

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu mdomo una mazoea yake.

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Umeitwa na nani hapa? Na mjomba?"

"Nimekuja mwenyewe. Nilimwona karani wiki iliyopita, nikamwomba aniandike upande wenu. Mama yako alikubali."

Mama hakuniambia. Nilikaa.

"Nilikuwa na haraka," akasema mwishowe. "Makala ilitakiwa Ijumaa, ya kupandishwa daraja. Nikahitaji kitabu kimoja cha huku milimani. Nikakikuta kwenye ile ripoti ya pili, nikakichukua."

"Bila kukiona?"

"Bila kukiona."

"Wewe?"

"Mimi."

Nilikuwa na maneno mengi niliyomwekea. Nilikuwa nayapanga usiku na mchana nikichapa kadi za harusi za watu. Yakatawanyika yote.

"Ulijua lini?"

"Siku ile tulipozipanga mezani."

"Na ukaingia ofisini ukafunga mlango."

"Nilikuwa nimebakiza miezi saba kustaafu."

"Ukaniacha mimi niende nikajivue nguo mbele ya mjomba wangu!"

"Nilikuacha," akasema. Hakuomba radhi, na nilimngoja aombe. Angeomba, ningejua la kufanya.

Mlango ukafunguliwa, mtu akatoka, ukafungwa. Mikono yake ilikuwa juu ya mkoba. Alinigeukia.

"Ile siku kule kwenye kata. Ulianzaje?"

"Kuanza nini?"

"Kusema. Ulitanguliza nini?"

Nilidhani ananitahini. Miaka yote aliponiuliza swali alikuwa na jibu mfukoni, ananingoja nijikwae. Nikamtazama vizuri. Hakuwa na jibu. Alikuwa mama mtu mzima kwenye benchi la baraza, anaogopa, na ananiuliza kitu asichokijua.

"Niliamkia," nikamwambia. "Wewe umri wako hauwaamkii, wape habari za asubuhi. Halafu jina. Halafu sema kitabu hakipo, palepale, usivute pumzi. Ukivuta pumzi utaanza kujieleza."

"Jina, halafu hakipo."

"Ndiyo."

"Na ile habari ya Ijumaa?"

"Ijumaa yako haiwahusu, mama. Wakikuuliza, ndipo useme."

Karani akamwita kwa jina lake lote. Akasimama, akavuta kitenge, akaniachia mkoba wake bila kusema shika, akaingia. Mlango haukufunga vizuri. Nikaenda kusimama pale kwenye upenyo. Nilisikia habari za asubuhi, waheshimiwa, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua. Nilisikia jina. Kisha nikasikia ametua, na pumzi inaingia, ndefu, pumzi ya mtu anayejiandaa kusimulia Ijumaa.

Nikaupiga ule mlango kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu zangu zote.

"We dada!" karani akanikemea. "Hapa ni sokoni?"

Halafu ikatoka ile sauti ya maktabani, iliyokuwa inamfikia mwenye pipi kwenye kona ya mbali:

"Kitabu hicho hakipo."